Maradhi ya Masikio ya Kilindo

Katika ufalme wa Mawanda kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na waziri. Kulikuwa na Waziri wa Mvua, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba imenyesha. Kulikuwa na Waziri wa Barabara, ambaye hakupenda kusafiri. Na kulikuwa na Waziri wa Upepo, mdogo kwa umri kuliko wote, aliyependwa na Mfalme kwa sababu hakuwahi kumletea habari mbaya. Mfalme mwenyewe hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyetaka mambo yaende vizuri, na waliomzunguka walikuwa wamegundua kwamba akiambiwa yanakwenda vizuri anafurahi sawasawa na yakienda vizuri kweli.

Sheria moja ya kale ilikuwa bado haijafutwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuifuta. Ilisema kwamba kijiji kikikataa uamuzi wa Baraza mara tatu kwa maandishi, Baraza zima, Mfalme akiwamo, litafunga safari na kulisikiliza shauri palepale lilipotokea.

Kijiji cha Kilindo kilikuwa juu ya ukingo wa mlima, mahali ambapo upepo haupumziki. Huko ndiko Waziri wa Upepo alikosimika mitambo yake kumi na miwili, mirefu kuliko mnara wa jumba la Mfalme, kila mmoja ukiwa na mapanga matatu meupe yanayozunguka na kuzalisha umeme. Akaipa jina: Neema. Mtambo wa tatu ulisimama hatua mia mbili kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji. Siku ya uzinduzi Waziri aliwaambia watu kwamba sasa nuru imefika. Nyaya zilipita juu ya mapaa yao, zikashuka upande wa pili wa mlima na kwenda mji mkuu, ambako bustani ya Mfalme ilianza kuwashwa taa hata mchana. Kilindo kiliendelea na koroboi zake.

Watu wa Kilindo hawakuuchukia umeme. Walichoshindwa kuishi nacho ni sauti. Haikuwa kelele ya kuziba masikio. Ilikuwa mvumo mzito unaokuja na kuondoka, unaokuja na kuondoka, kila panga linapopita mbele ya mnara wake, na upepo ukikaza uliingia ndani kupitia ukuta na mguu wa kitanda. Jua likiinama, vivuli vya mapanga vilipita madirishani kimoja baada ya kingine, chumba kikawa mwanga, giza, mwanga, giza, mpaka mtu anaweka kisu chini kwa kuogopa kujikata. Usingizi ukawa wa kudokoa. Watu waliokuwa wapole wakaanza kugombania ndoo. Hata mazungumzo yalibadilika: walijifunza kusema maneno matatu, kungoja mvumo upite, kisha kusema mengine matatu. Wakienda gulioni vijiji vya mbali walikatiza sentensi katikati wakingoja, na wenyeji wakawacheka.

Mkunga wa Kilindo aliitwa Sihaba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono mipana, na alikuwa amewapokea karibu watu wote wa kijiji waliokuwa chini ya miaka thelathini. Chombo chake kikuu kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa mfano wa tarumbeta fupi: mdomo mpana huwekwa kwenye tumbo la mama, mwembamba kwenye sikio la mkunga, na kwa njia hiyo husikia moyo wa mtoto. Mtoto anayechoka tumboni mapigo yake hupungua. Mkunga akiyasikia yakipungua, ana mambo ya kufanya, na ana muda mchache wa kuyafanya.

Uchungu ulimshika Mwatime, mke wa Shaha mchonga mizinga ya nyuki, asubuhi ya siku ya upepo mkali. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Kufika adhuhuri Sihaba alikuwa amemsikiliza mara nne, na kila mara mapigo yalikuwa hafifu nyuma ya ule mvumo, lakini yalikuwapo. Mara ya tano hakuyapata. Alihamisha tarumbeta upande wa kushoto, akarudi kulia. Kilichopanda sikioni mwake ni mtambo, umepita sakafuni, umepanda kitandani, umeingia katika mbavu za mama. Akawaomba wanawake waliokuwapo wanyamaze, wakanyamaza. Hakukuwa na wa kuuomba mtambo.

Saa tisa mtoto alizaliwa, wa kiume, viungo vyake vyote vimetimia, hapumui.

Sihaba angeweza kusema maneno ambayo husemwa siku kama hiyo. Alimfunika mtoto, akakaa kando ya kitanda, akawaambia wazazi ukweli.

"Sikumsikia. Ningemsikia akichoka, ningejua la kufanya. Huenda ningemwahi, huenda nisingemwahi. Lakini sikumsikia."

Mwatime aligeukia ukuta. Shaha alitoka, akachukua mchi uliokuwa uani, akapanda hadi Neema ya tatu, akaanza kuugonga mlango wake wa chuma. Aligonga mpaka askari wakaja. Walipomuuliza anataka nini, alisema anataka inyamaze.

Habari zilipofika mji mkuu, Waziri wa Upepo alimwita Tabibu wa Baraza. Tabibu alikuwa msomi, na mtu mwaminifu siku ambazo hakuna aliyetaka kitu kwake. Hakuwa amewahi kufika Kilindo. Waziri alimweleza dalili, naye akaandika alichoelezwa: kwamba wakazi wa Kilindo wamepatwa na maradhi ya masikio, ambayo humfanya mgonjwa asikie kisichokuwapo, akose usingizi, kisha atafute wa kumlaumu. Chini ya maandishi hayo ikawekwa amri. Neema hazina sauti. Anayezisikia anaugua. Anayeugua atapelekwa Nyumba ya Mapumziko, bondeni, mpaka aache kusikia.

Shaha, ambaye askari walikuwa wamemwachia arudi nyumbani, alikuwa wa kwanza kupelekwa, miezi mitatu baada ya msiba. Hadi mwaka unaisha walikuwa wamepelekwa ishirini na sita, na hakuna aliyerudi, kwa sababu kila asubuhi waliulizwa kama bado wanakumbuka sauti, nao walikuwa wanakumbuka.

Sihaba aliandika kukataa mara ya kwanza, Baraza likamjibu. Akaandika mara ya pili, likamjibu kwa ukali zaidi. Alipoandika mara ya tatu alinakili ile sheria ya kale neno kwa neno, na watu wote wazima waliobaki Kilindo wakaweka vidole gumba vyao chini yake. Waziri alitaka barua ichomwe. Lakini Mfalme alikuwa ameisoma mbele ya watu, tena kwa sauti, akaona haya kurudi nyuma.

"Tutaenda," alisema. "Tutawaonyesha kwamba hatuna la kuficha."

"Hatuna, Mtukufu," alisema Waziri, na jioni ileile akatuma mjumbe wa farasi kwa Fundi wa breki za mitambo.

Baraza lilifika Kilindo siku ya tatu, saa kumi alasiri. Mazulia yalitandikwa uwanjani, viti vikapangwa, na Mfalme akaketi mitambo ikiwa nyuma yake. Upepo ulikuwa mkali kiasi cha kuvua vilemba, lakini mapanga thelathini na sita yalikuwa yamesimama kimya kama yamechorwa angani.

Waziri alisimama. "Mtukufu Mfalme, waheshimiwa. Sina hotuba. Naomba tu tutulie kidogo, tusikilize."

Wakatulia. Bendera zilipigapiga, kuku akalia nyuma ya nyumba. Wajumbe wakaanza kutabasamu.

"Bi Sihaba," alisema Mfalme, bila ubaya, "umetusafirisha siku tatu. Mimi nasikia kuku."

"Hata mimi ninamsikia, Mtukufu. Ni mara ya kwanza mwaka huu."

"Kwa hiyo unakiri?" aliuliza Waziri.

"Nakiri kwamba mtambo uliofungwa hauna sauti."

"Imesimama kwa matengenezo ya kawaida."

"Na ikizunguka, Mheshimiwa, ina sauti?"

Waziri alijua anakopelekwa, lakini wajumbe ishirini walikuwa wakimtazama. "Haina. Tabibu ameshalieleza jambo hilo."

"Basi Baraza halitapungukiwa na kitu ikizunguka tukiendelea na shauri letu."

Mfalme alimtazama Waziri, kisha akamwita Fundi. Fundi alikuwa mtu mrefu aliyeishi kibanda kilichokuwa chini kabisa ya Neema ya tatu, akila mshahara wa Waziri. Alikuja akipangusa mikono iliyokuwa safi.

"Mitambo hii ni mibovu?" aliuliza Mfalme.

Watu wa Kilindo walikuwa wamesimama pande zote za uwanja na hakuna aliyesogea.

"Ni mizima, Mtukufu. Niliagizwa kuifunga."

"Nani alikuagiza?"

"Aliyeniajiri."

Waziri alicheka kidogo, lakini alicheka peke yake. Mfalme alikuwa amewekwa mahali pasipo na njia ya heshima isipokuwa moja, akaipita. "Ifungue," alisema.

"Kabla hajaifungua," alisema Sihaba, "naomba Tabibu afanye kazi yake."

Mwatime alitoka katikati ya wanawake. Wakati mume wake anapelekwa bondeni alikuwa bado hajajua kwamba ana mimba tena. Sasa mimba hiyo ya pili ilikuwa ya miezi minane. Alilala juu ya zulia la Baraza, Sihaba akamfunika kanga na kumwachia tumbo. Tabibu alipiga magoti na kupokea tarumbeta ya mti kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa kitu alichokijua zamani. Alisikiliza huku akitazama saa yake.

"Mia moja na arobaini na mbili kwa dakika," alisema. "Mapigo mazuri. Yako wazi."

Mwatime alitabasamu kabla hajajizuia.

Fundi akaenda. Kwa muda hakuna kilichotokea, na Waziri akaanza kuzungumzia taa za mji mkuu, hospitali zinazopata umeme, viwanda vinavyokuja. Alisema kweli, taa zilikuwapo. Kisha Neema ya tatu ikajitikisa, panga moja likashuka polepole, la pili likalifuata. Moja baada ya nyingine zote kumi na mbili zikaamka. Sauti haikuja kwa ghafla. Iliongezeka mpaka Waziri akajikuta anapaza sauti, akaishusha kwa aibu, asisikike, akaipaza tena. Kivuli cha kwanza kilipita juu ya mazulia, kikapita juu ya uso wa Mfalme, na kingine, na kingine. Farasi waliokuwa wamefungwa nyuma ya viti wakaanza kuvuta kamba.

"Endelea," Mfalme alimwambia Waziri.

"Unasemaje, Mtukufu?"

"Nasema endelea."

"Samahani, Mtukufu?"

Watu wa Kilindo hawakucheka. Sihaba alimtazama Tabibu tu, na Tabibu akaelewa. Akapiga magoti tena.

Aliweka tarumbeta mahali palepale. Akafumba macho. Akaisogeza kushoto, akaikandamiza, akaziba sikio la pili kwa kidole. Kivuli kilipita mgongoni mwake, kikapita, kikapita. Mwatime alikuwa ameinua kichwa akimtazama, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa joho la yule mtu aliyekuwa ameandika kwamba mumewe ni mgonjwa.

"Sema tu unachosikia," alimwambia.

Tabibu alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akainuka.

"Sisikii," alisema.

Mfalme aliinama mbele. "Husikii nini?"

Tabibu alingoja mvumo upite. Hakuna aliyemfundisha, alingoja tu. "Sisikii mtoto, Mtukufu. Yupo, nimemsikia sasa hivi, na simsikii. Mkunga aliyekosa kumsikia mtoto wa kwanza wa mama huyu hakuwa mgonjwa. Niliandika uongo."

Wajumbe walitazama chini. Waziri ndiye aliyekuwa mwepesi. Alikwenda kando ya kiti cha Mfalme, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika na wote: "Mtukufu, ona hatari yake. Tabibu amekaa hapa chini ya saa moja na tayari ameambukizwa."

Sihaba aliichukua tarumbeta kutoka kwa Tabibu, akatembea mpaka mbele ya kiti. Askari wawili walimsogelea. Mfalme akawazuia kwa mkono.

"Sikiliza mwenyewe, Mtukufu," alisema Sihaba, akikinyoosha kile kipande cha mti. "Ukimsikia, mimi nitapanda leo gari la wagonjwa linalokwenda bondeni, na hutasikia tena jina la Kilindo."

Mfalme alikitazama. Baadaye waliokuwa karibu naye walisema kwamba mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwenye kiti. Alikuwa na watoto wanne. Alijua maana ya kile alichoonyeshwa. Lakini alijua pia kwamba akiweka sikio pale, atarudi mji mkuu akiwa anajua, na mtu anayejua anadaiwa afanye jambo. Mkono ukarudi mahali pake.

"Mfalme hafanyi kazi ya mkunga," alisema, akasimama.

Waliondoka kabla ya jua kuzama. Tabibu alikwenda nao, katika gari la wagonjwa.

Amri iliyofuata ilikuwa fupi. Fundi alifukuzwa, breki zikavunjwa ili mitambo isisimame tena, na kikosi cha askari arobaini, chini ya Jemadari, kikatumwa kukaa Kilindo na kumkamata yeyote atakayesema anasikia. Sihaba alikuwa hayupo siku walipofika. Alikuwa amemchukua Mwatime na kwenda naye kijiji cha dada yake, mwendo wa siku mbili nyuma ya mlima, ambako Mwatime alizaa mtoto wa kike aliyelia kabla hajamaliza kutoka. Kisha Sihaba akarudi Kilindo kwa sababu kulikuwa na wajawazito wengine watatu.

Jemadari alikuwa mtu wa nidhamu. Aliweka askari wake katika shule, chini ya Neema ya tatu, na wiki ya kwanza walifanya mzaha wakiigiza ule mvumo. Wiki ya pili mzaha uliisha. Wawili walipigana kwa sababu ya kijiko. Mmoja alianguka lindoni kwa usingizi na kuvunjika meno. Jemadari mwenyewe alijikuta amesimama mlangoni mwa Sihaba mchana mmoja, kofia mkononi.

"Nimekuja kukukamata," alisema.

"Nilikuwa nakungoja."

Alingoja mvumo upite. "Nyie mnafanyaje?" aliuliza.

"Hatufanyi. Karibu, keti."

Aliketi. Hakumkamata. Siku iliyofuata aliandika ripoti kwamba askari wake hawalali na anaomba mitambo iliyo karibu izimwe. Jibu la Waziri lilikuja kwa haraka: kikosi kizima kimepatwa na maradhi ya masikio, kipelekwe Nyumba ya Mapumziko, na kikosi kingine kije. Kikosi cha pili kilikaa wiki tano. Cha tatu kilikaa wiki tatu. Waziri aliendelea kuvituma, kwani kukiri kwamba kimoja ni kizima kungekuwa kukiri kwamba vyote vilikuwa vizima. Askari walipopungua, alituma walinzi wa jumba kwa zamu fupi, akawarudisha kabla hawajaanza kulalamika.

Kwa njia hiyo Nyumba ya Mapumziko, iliyojengwa kwa ajili ya watu wa mlimani, ikajaa jeshi la Mfalme. Bondeni mle askari walimkuta Shaha, wakamkuta Tabibu, na kila asubuhi walipoulizwa pamoja kama bado wanakumbuka sauti, walijibu pamoja. Walinzi wa nyumba walikuwa ndugu zao wa kambi moja. Siku moja lango halikufungwa baada ya gari la mkate kuingia, na watu mia mbili wakatoka kwa miguu, bila kukimbia, wakishika barabara ya mji mkuu.

Mfalme alipoambiwa aliita walinzi wa jumba wapande farasi wakawazuie njiani. Hakuna farasi aliyetandikwa. Mkuu wa walinzi aliingia, akasalimu kama ilivyo ada.

"Nimekaa Kilindo siku kumi na tisa, Mtukufu," alisema. "Wengi wetu humu tumekaa."

Waziri wa Upepo alitafutwa, akawa hapatikani. Wale mia mbili walipofika, Mfalme alivuliwa taji, akaachiwa nyumba yake na bustani. Inasemekana aliomba kitu kimoja tu, kwamba taa zizimwe, apate kulala.

Baraza jipya liliundwa, wajumbe ishirini, na Sihaba akawa mmoja wao ingawa alikataa mara mbili. Jambo la kwanza lilipita bila ubishi: Neema tatu zilizo karibu na nyumba za Kilindo ziondolewe, zilizobaki zifungwe breki mpya, na Kilindo kipewe umeme. Shaha alisimama mlangoni na binti yake mgongoni, akasikia kura ikipigwa.

Jambo la pili lilikuwa mitambo hiyo mitatu ipelekwe wapi, kwa kuwa mji mkuu ulikuwa tayari unalalamika kwamba umeme hautautosha. Mwenyekiti mpya, mtu mzuri aliyewahi kukaa bondeni miezi minne, alifungua ramani.

"Kuna ukingo mwingine hapa," alisema. "Upepo wake ni mzuri. Chini yake kuna kijiji kidogo, Mbasha, kaya kama thelathini hivi."

"Wamesemaje?" aliuliza Sihaba.

Mwenyekiti alitazama karatasi zake. "Tutawaarifu."

"Nimeuliza wamesemaje."

"Bi Sihaba, ni kaya thelathini. Robo ya mji itabaki gizani. Na sisi si kama wale."

"Ni mwendo wa siku moja na nusu," alisema Sihaba. Alichukua mtandio wake ulioning'inia kwenye kiti, akasimama. "Mimi naenda kuwauliza. Anayekuja, aje."

Viti vilikwaruza sakafu. Mtu mmoja alisimama, kisha wawili, kisha Jemadari wa zamani aliyekuwa amekaa kona ya nyuma. Wengine walitazama ramani, au mikono yao, au dirisha. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachotokea, alihesabu na kuandika: waliosimama, tisa, waliobaki wameketi, kumi na mmoja.